Picha za chini ya maji zisizo na bluu, chenga wala mtikisiko: mwongozo kamili kwa mzamiaji

Kila msimu wa kaskazi nakutana na kisa kilekile. Mtu anapanda botini na furaha zake, anavua miwani, anaunganisha kamera na simu, na hapo uso unaanza kumshuka. Kasa ni bluu. Matumbawe ni bluu. Mwenzake aliyevaa suti nyekundu naye bluu. Picha alizopiga kwa flashi zimejaa chenga kama televisheni ya zamani iliyoangukiwa na antena yake, na video inayumba hata mtu aliyekaa sebuleni apate kichefuchefu. Kinachofuata ni maneno niliyokwisha kuyakariri: "Kamera hii haifai, nitafute kubwa."

Kubwa haitamsaidia. Nimeona kamera ndogo ya mkononi ikitoa picha nzuri kuliko mtambo wa mamilioni ulioshikwa na mtu anayempiga samaki aliye mita 5 mbele yake. Maji yaliyo kati ya lenzi na samaki ndiyo yanayoharibu picha. Karibu kila hatua hapa chini ni njia ya kuyapunguza maji hayo, au ya kurudisha kilichoibwa nayo.

Nachukulia kwamba tayari una cheti cha kuzamia na una kamera ndogo: ya vitendo aina ya GoPro, au kompakti (kamera ndogo ya mfukoni) iliyo ndani ya kasha la kuzuia maji. Mifano ni ya maji ninayoyajua, yaani Mnemba kule Zanzibar, na Ghuba ya Chole kule Mafia, lakini taratibu hizi zinafaa Watamu na Kisite kule Kenya vilevile.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kamera na kasha lake. Soma kina kilichoandikwa kwenye kasha, usikisie. GoPro nyingi za miaka ya karibuni zinavumilia mita 10 bila kasha, na 60 zikiwa ndani ya kasha lake la kuzamia. Olympus TG-6 inavumilia mita 15 ikiwa peke yake. Mzamiaji wa kawaida anashuka mita 18 hadi 30, kwa hiyo usijidanganye kwamba "inazuia maji" inatosha.
- Oringi mbili za akiba (ile pete ya mpira inayozuia maji kwenye mlango wa kasha) na grisi iliyokuja na kasha lenyewe. Vaselini na grisi ya gari ziache gereji na chumbani.
- Vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Viwe vikavu, vya zamani vilishakunywa unyevu wa kabatini kwako.
- Trei ya kufungia kamera, yenye mishikio miwili, pamoja na kamba ya kuifunga kwenye jaketi la kuelea.
- Taa moja au mbili za video (taa ya umeme, si yule samaki mwenye mwiba mkiani). Mwanga uwe mpana; wa tochi ya kutafutia njia unachoma doa katikati ya picha na kuacha pembeni giza.
- Chujio jekundu la kuvisha mbele ya lenzi, linaloweza kuvuliwa ukiwa chini.
- Kibao cheupe. Mimi nilikata mfuniko wa ndoo ya rangi, nikatoboa tundu, nikatia kamba. Hakikugharimu kitu.
- Ndoo ya maji matamu botini. Visima vingi vya pwani vina chumvi; onja kabla ya kujaza.

Ukikosa taa, bado utapata picha nzuri mchana. Ukikosa oringi nzuri hutapata chochote.

## Hatua ya 1: Jifunze kuelea bila mikono

Kamera inashikwa na mikono miwili. Kama mikono hiyo ndiyo uliyozoea kupigia kasia ili usizame, utapoteza kimoja: picha au uwiano wa mwili wako. Mtikisiko mwingi ninaouona kwenye video hautoki mikononi, unatoka miguuni.

Anza na risasi za kiunoni, yaani vile vizito vya kukusaidia kuzama. Mwisho wa mzamio, ukiwa umebakiwa na bar 50 za hewa mtungini, toa hewa yote kwenye jaketi ukiwa juu, vuta pumzi ya kawaida uitulize kidogo. Maji yakusimamie usawa wa macho. Ukizama moja kwa moja, una risasi nyingi mno. Kipimo hiki hufanywa mtungi ukikaribia kuisha kwa sababu hewa ina uzito: mtungi wa kawaida wa alumini hupungua kama kilo 2 kutoka kujaa hadi kukaribia kuisha, na wewe unaelea zaidi.

Kisha jipime kwenye kituo cha usalama. Kaa mita 5 kwa dakika 3, mikono umeikunja kifuani, macho kwenye kompyuta ya kuzamia inayoonyesha kina. Ukipanda au kushuka zaidi ya nusu mita, kamera ibaki nyumbani wiki hii. Najua inauma. Lakini matumbawe ya mviringo hukua kwa kasi ya milimita chache hadi sentimita moja au mbili kwa mwaka, na pezi moja la mguu linavunja kazi ya miaka 20 kwa teke moja.

Utajua umefaulu ukiweza kukaa sentimita 50 juu ya mchanga, ukavuta na kutoa pumzi mara tano, na mchanga usiinuke.

## Hatua ya 2: Chagua maji kabla ya kuchagua samaki

Nahodha wetu, mtu mzima ambaye sote tunamwita Babu, haangalii programu yoyote ya hali ya hewa. Anaangalia mwezi. Asubuhi moja nilimwamkia nikiwa nimebeba kamera na taa zote mbili, akanijibu marahaba, halafu akaangalia mzigo wangu na kucheka: "Leo bamvua, mwanangu. Chini mna uji." Alisema kweli. Nilirudi na picha za uji.

Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hufika kama mita 4, mikondo inakuwa mikali na kuinua mchanga na takataka. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hutembea polepole na kusafika. Kama huna haraka, weka siku zako za kamera hapo.

Saa nayo ina maana. Ghuba ya Chole ni mfano mzuri: maji yanapojaa, bahari kuu inaingiza maji safi kupitia mlango wa Kinasi; yanapokupwa, ghuba inatoa nje kila kilichokuwa kwenye mikoko na matope. Mlango uleule, saa sita baadaye, ni bahari nyingine. Upande wa magharibi wa Mafia kuna Mto Rufiji unaomwaga udongo wake, na masika unazidi. Hapo hata lenzi ya bei gani haikuokoi.

Kwa mwanga wa jua, zama kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Jua likiwa juu linapenya. Likilala linateleza juu ya maji na kurudi angani.

## Hatua ya 3: Funga kasha nyumbani, si botini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makosa ya hatua nyingine yanakugharimu picha, ya hapa yanakugharimu kamera.

Siku moja nilichelewa, nikafungia kamera botini. Mikono imelowa, taulo jipya begani. Tulipofika mita 6 nikaona kama ukungu kwenye kioo, kisha mstari wa maji ukicheza chini ya skrini, taratibu, kama dawa ya kikohozi ndani ya chupa. Juu, nilipolifungua kasha, nikakuta uzi wa taulo umelala juu ya oringi. Ulikuwa mfupi kuliko ukucha wa kidole kidogo.

Oringi huzuia maji kwa kubanwa sawasawa pande zote. Kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, mita 20 mara tatu. Uzi, unywele au chembe ya mchanga vinainua oringi mahali pamoja, na pengo hilo linatosha. Fanya hivi usiku wa kuamkia safari, chumba kikiwa kimetulia na feni imezimwa:

1. Nawa mikono, jikaushe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.
2. Toa oringi kwa kuibana na vidole viwili hadi ibinuke, kisha ivute. Usitumie kisu wala sindano. Mkwaruzo mmoja na imekwisha.
3. Ipitishe polepole kati ya vidole huku umefumba macho. Vidole huhisi chembe ambayo macho hayaioni.
4. Safisha mfereji wake kwa kijiti cha pamba, kisha ukague pamba yenyewe haijaacha nyuzi.
5. Paka grisi tone moja dogo, kiasi cha oringi kung'aa tu. Grisi haizuii maji. Kazi yake ni kuifanya oringi iteleze na kukaa vizuri. Ukiipaka nyingi, unakusanya mchanga.
6. Irudishe bila kuivuta wala kuisokota. Tia kipakiti cha kunyonya unyevu pasipozuia lenzi, kisha funga.
7. Chungulia kupitia kasha: oringi ionekane mstari mmoja mweusi usiokatika, mzunguko mzima.

Kasha jipya, au lililokaa miezi bila kutumika, lishushe kwanza tupu likiwa na karatasi ya tishu ndani. Tishu ikirudi kavu, kamera iende mzamio wa pili.

Asubuhi, kabla ya kuingia majini, litumbukize kwenye ile ndoo kwa dakika 2 au 3. Povu chache kutoka kwenye vitufe si tatizo. Mnyororo wa povu usiokoma ni tatizo. Toa, kausha, fungua, rudia.

Tahadhari. Kamera isiachwe juani kwenye sakafu ya boti. Hewa ya ndani inapata joto, kisha unaitumbukiza kwenye maji baridi na kioo kinapata ukungu papo hapo. Iwe kivulini, chini ya kitambaa kilicholowa. Usiruke nayo majini. Ingia kwanza, jipange, halafu nahodha akukabidhi.

Ukiona maji ndani ukiwa chini, geuza lenzi itazame chini ili maji yakusanyike mbele, mbali na betri, kisha panda kwa mwendo wako wa kawaida usiozidi mita 9 kwa dakika, na kituo cha usalama ukifanye. Kamera inanunuliwa. Unapofungua kasha au taa iliyoingia maji, weka uso pembeni, maana huenda kuna shinikizo ndani, na betri iliyolowa chumvi haichezewi.

## Hatua ya 4: Panga kamera ungali juu

Chini ya maji vidole vinakunjamana, skrini haisikii, na hewa inakwisha. Panga kila kitu juu.

Kwa video, chagua 4K kwa fremu 30 kwa sekunde, au 60 ukitarajia samaki wenye kasi kama kolekole, maana hizo utaweza kuzipunguza mwendo baadaye. Weka kikomo cha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, kati ya 100 na 400. Ukiiachia kamera iamue, itapandisha ISO gizani na picha itajaa punje. Zima Wi-Fi ya kamera na skrini ya kugusa, na funga mwelekeo wa fremu. Usipoufunga, video itageuka kichwa chini ukiinamia pango.

Kwa picha za kawaida kwenye kompakti, hifadhi kwa RAW, yaani faili ghafi, kama kamera inaruhusu. Faili ya JPEG ikishatupa wekundu haiurudishi. Ya RAW ina akiba. Samaki anayeogelea anataka mwendo wa shata (kasi ya kamera kunasa picha) usiopungua 1/125 ya sekunde. Kwa kitu kidogo kilichotulia, mfano konokono wa rangi asiye na gamba, tumia hali ya karibu yenye alama ya ua.

Futa kadi, jaza betri. Basi.

## Hatua ya 5: Sogea, halafu sogea tena

Kama utasahau mengine yote, hili lishike.

Maji hula rangi kwa zamu. Nyekundu huondoka kwanza, na kwenye mita 5 tayari imepungua sana. Rangi ya machungwa hufuata kwenye mita 10 hivi, kisha njano. Zinazobaki ni kijani na bluu. Wengi wanalijua hilo, lakini wanadhani kinachohesabiwa ni kina peke yake. Mwanga hushuka kutoka juu hadi kwa samaki, kisha husafiri tena kutoka kwa samaki hadi kwenye lenzi. Kasa aliye kina cha mita 10, nawe uko mita 4 kutoka kwake, mwanga umepita mita 14 za maji. Ukisogea hadi mita 1, umepita 11. Hujashuka wala kupanda, umesogea tu, na rangi imerudi.

Halafu kuna ujanja wa macho. Ndani ya miwani, mwanga ukitoka majini kuingia kwenye hewa hupinda, na vitu huonekana vikubwa kwa kama theluthi moja na karibu zaidi kwa robo. Samaki unayedhani yuko sentimita 90 yuko mita 1 na sentimita 20. Ndiyo maana kila mtu ananiapia kwamba alikuwa karibu.

Kipimo changu: ninyooshe mkono, na samaki awe karibu kuguswa. Kwa lenzi pana ya GoPro hata nusu mita inafaa. Kitu kikiwa zaidi ya mita 2, nakiangalia kwa macho na kufurahi, kamera sipotezi nayo muda.

Kumsogelea mnyama ni kazi ya subira. Siku moja pale Mnemba nilimwona pweza mdomoni mwa shimo lake, kwenye mita 12. Nilitua mchangani mita 3 kutoka kwake, pembeni, si mbele. Alijibadilisha akawa na vinundu kama jiwe. Sikusogea mpaka ngozi ilipolainika tena. Nikasogea urefu wa kiganja, nikasubiri. Akatoa mkono mmoja, akavuta kijiwe, akakitazama. Nikasogea tena. Ilinichukua dakika 8, na mwishowe lenzi ilikuwa umbali wa sahani kutoka kwenye jicho lake, lile lenye mboni ya mstari uliolala. Waliomkimbilia moja kwa moja asubuhi hiyo walipata picha ya shimo.

Kwa kasa, ogelea sambamba naye usimfuate nyuma. Ukimfuata utapata picha ya mkia. Usimkatie njia ya kwenda juu, maana anapanda kuvuta hewa kama wewe. Shuka usawa wa mnyama au chini kidogo, elekeza lenzi juu ili nyuma yake kuwe na maji ya bluu badala ya fujo ya miamba, na fokasi iwe kwenye jicho.

Tahadhari. Pweza huyo angenimalizia hewa kama nisingekuwa na mazoea ya kusoma geji ya hewa kabla ya kuinua kamera na kila baada ya kuishusha. Mwenzako naye ajue mapema kwamba leo una kamera, asije akaogelea akidhani uko nyuma yake.

Utajua umefaulu pale mnyama atakapojaza zaidi ya nusu ya fremu na hujakuza picha hata kidogo.

## Hatua ya 6: Rudisha rangi kwa njia moja, si tatu

Una njia tatu. Kosa ni kuzichanganya.

Kupima nyeupe. Mahali palipoandikwa WB kwenye menyu, chagua upimaji wa mkono. Jua likiwa mgongoni mwako, elekeza kamera kwenye kibao cheupe mpaka kijaze fremu, bonyeza. Sasa kamera inajua nyeupe ya kina hicho ikoje. Ukipanda au kushuka mita 3 hivi, pima upya. Kama umesahau kibao, kiganja chako kinasaidia, ila rangi haitakuwa sahihi sana.

Chujio jekundu. Hili ni kwa kamera isiyoweza kupima nyeupe. Linapunguza bluu ili wekundu kidogo uliobaki uonekane. Linafanya kazi vizuri kati ya mita 5 na 20 kwenye maji ya bluu, jua likiwa juu na mgongoni kwako. Chini zaidi hakuna wekundu uliobaki wa kuokoa, na chujio linakunyima mwanga tu. Kwenye kina kisichofika mita 3 litakupa watu wenye rangi ya tofali. Maji yakiwa ya kijani, chujio la zambarau-waridi hufaa zaidi kuliko jekundu.

Taa. Hii inaleta rangi zote papo hapo kwa sababu mwanga unasafiri kutoka mkononi mwako, si kutoka angani. Lakini inafika mita 1 au moja na nusu tu, mchana hata pungufu. Ukiwasha taa, vua chujio. Taa na chujio kwa pamoja hutoa samaki mwekundu kama aliyepakwa pilipili.

Kwa mandhari pana ya mwamba tumia njia ya kwanza au ya pili. Kwa mnyama aliye karibu, pangoni au usiku, tumia taa. Ukiogelea juu juu na papa potwe kule Kilindoni, huhitaji hata moja: mko mita 1 au 2 chini ya jua. Na maji yake yamejaa vijidudu anavyokula, kwa hiyo flashi hapo ni marufuku kwa faida yake na yako.

## Hatua ya 7: Ondoa chenga

Chenga ni chembe zinazoelea kati yako na samaki, zilizomulikwa kutoka mbele. Flashi ya ndani ya kamera iko sentimita chache kutoka kwenye lenzi, kwa hiyo inamulika chembe zote na kuzirudisha moja kwa moja. Izime. Kabisa.

Taa za nje zikae mbali na lenzi, kushoto na kulia, upana wa mabega ukiweza, na nyuma kidogo ya uso wa kasha. Kisha zigeuze zitazame nje. Wengi huzielekeza katikati kwa samaki, na hapo ndipo wanapomulika maji yaliyo kati. Unachotaka ni ukingo wa mwanga umguse samaki, siyo kiini chake. Ukiona giza katikati ya fremu, zirudishe ndani kidogo kidogo.

Jaribio ni rahisi: elekea kwenye maji matupu, washa taa, rekodi sekunde 5, tazama. Theluji ikinyesha kwenye skrini, geuza taa nje zaidi. Fanya hivyo mwanzo wa mzamio, si mwisho.

Povu lako nalo ni chenga. Toa pumzi ukiwa umeinua kamera kando, au subiri lipite.

## Hatua ya 8: Rekodi video inayotazamika

Shika trei kwa mikono miwili, viwiko vimebana mbavu. Piga teke la chura, taratibu. Teke la juu chini linayumbisha kiuno, kiuno kinayumbisha kamera.

Kila fremu ikae bila kuhamishwa kwa pumzi tatu ndefu. Mimi huhesabu pumzi kwa sababu sekunde hazihesabiki mtu akiwa na msisimko. Mwache samaki aingie na kutoka kwenye fremu. Usimfukuze na lenzi kama mtu anayemwagilia bustani kwa mpira. Kwa kila tukio chukua tatu: pana ya mahali, ya kati ya mnyama, na ya karibu ya jicho au pezi. Ukiwa na hizo tatu, hata simu itakuunganishia kisa kinachoeleweka. Ukiwa na dakika 40 za mfululizo huna kitu, na rafiki zako wataanza kukukwepa.

Tahadhari. Usizuie pumzi ili picha itulie. Mzamiaji akiizuia pumzi na kupanda hata mita chache, hewa hupanuka ndani ya mapafu na kuyaumiza. Pumua polepole, na bonyeza kitufe mwishoni mwa kutoa pumzi.

Utajua umefaulu ukimpa mtu asiyezamia aitazame dakika nzima, naye akauliza jina la samaki badala ya kuuliza kama ulikuwa unaumwa.

## Hatua ya 9: Baada ya kutoka majini

Kasha liingie kwenye ndoo ya maji matamu kabla chumvi haijakauka. Likae nusu saa, na kila kitufe kibonyezwe mara kumi humo humo. Chumvi ikikaukia kwenye vitufe huwa fuwele zinazokata oringi ndogo za ndani. Usilifungue botini eti kubadilisha betri, nywele zako zikidondosha maji juu yake. Fikeni pwani, oga, kausha kasha kwa kitambaa, ligeuze mlango utazame chini ili matone yadondoke nje, ndipo ufungue.

Hamisha faili sehemu mbili usiku huohuo. Kwenye kuhariri sina mengi: gusa nyeupe kwanza, ongeza wekundu kidogo, kisha kontrasti, na uishie hapo. Lightroom ya simu inatosha kwa picha, CapCut kwa video. Ukijikuta unasukuma wekundu mpaka mwisho na bado kasa ni bluu, rudi hatua ya 5, ulikuwa mbali. Ukiona sehemu nyeupe imeungua na haina tena alama yoyote ndani yake, hiyo haiponi. Mara nyingine punguza mwanga kwenye kamera.

Kasha likishakauka kabisa, toa oringi uiweke ndani ya mfuko safi, na kasha lenyewe lihifadhi likiwa halijabanwa. Oringi inayoachwa imebanwa miezi yote ya kusi, kaskazi ikirudi huwa bapa, na maji yanalijua hilo kabla yako.